Siku Wavuvi Walipomvua Mjukuu Wangu

Nyie mnaoshika sufuria zangu sasa mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Sawa. Mimi nimesoma mpaka la nne, halafu baba akaona ng'ombe hawawezi kujichunga, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala msiziamshe. Naandika ninavyosema. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hamtayakuta humu. Hayo hayaivishi maharage.

Kabla ya boti nilikuwa nakaanga samaki kando ya barabara pale Igogo. Tajiri wa boti alikula samaki wangu akiwa amesimama, akarudi kesho yake akala tena, siku nyingine akaniambia nikapikie wageni wake. Kazi ya boti yenyewe mnaijua: asubuhi mnatoka Mwanza na watalii, mnazunguka visiwa, wanaangalia mawe na ndege, mchana wanakula kisiwani, jioni mnawarudisha. Siku yangu ya kwanza nilipanda na jiko la mkaa kama nilivyozoea, nikaliweka sakafuni, nikabandika mafuta. Tulipotoka tu kwenye ghuba, wimbi likatuinamisha. Mafuta yakaenda kushoto, mimi nikaenda kulia, namshukuru Mungu hatukwenda upande mmoja. Kisha nikatapika ziwani mbele ya watu, na mgeni mmoja akanipiga picha. Nadhani anayo mpaka leo.

Aliyenifundisha ni marehemu Mama Nyabise, Mkerewe, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kijiji cha pili. Alinitazama nilivyolowa, akasema, "Wewe unapika kama uko kwenu. Hapa sakafu inatembea. Pika kama umebeba mtoto mgongoni na uko ngomani." Akanionyesha kukalisha jiko ndani ya karai lenye mchanga, na karai lifungwe kwa kamba kwenye nguzo. Kifuniko cha sufuria kinabanwa na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mafuta yasizidi nusu ya kikaango. Kisu hakilazwi mezani, kinachomekwa. Na ziwa usiligeuzie mgongo. Hicho ndicho chuo changu, na hakikuwa na likizo.

Wageni mtawazoea. Kuna mama mmoja alikataa sato mwenye kichwa, eti anamwangalia. Nikamgeuza sato upande wa pili, akala mpaka mkia. Siku nyingine kenge alitoka kwenye mawe akaondoka na kuku mzima wa kuchoma, wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya safari. Tajiri alitaka kujua kama kenge yule anaweza kuja kila Jumapili. Mambo ya namna hiyo niliyaona mengi, na nikadhani nimemaliza kushangaa. Halafu Kabula akarudi nyumbani.

Kabula ni mtoto wa binti yangu Kulwa, na mimi ndiye niliyemlea. Alijua kuogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nilimchapa kwa ajili ya hilo ziwa mpaka nikachoka mimi. Alipomaliza kidato cha nne akaenda Pwani, akaniambia amepata kazi hotelini, na mimi nikajua anatandika vitanda. Siku aliyorudi alinikabidhi kadi yenye picha yake. Nikamuuliza ni kadi ya nini.

"Ni ya ualimu wa kuzamia, Bibi. Nawashusha watu chini ya maji, wanaona, nawarudisha."

"Wakiwa hai?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na kuna mtu anasomea hiyo?"

"Wako wengi. Nilikuwa wa kwanza."

 Kisha nikachukua ile kadi nikatembea nayo Igogo nzima, mpaka kwa muuza mkaa, ambaye hajui kusoma lakini aliiangalia kwa heshima.

Tajiri akanunua mitungi ya hewa, suti nyeusi za mpira, miwani mikubwa na viatu vile vipana kama miguu ya bata. Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walicheka sana. Ziwa letu si kama bahari ya kwenye kalenda. Maji yetu ni ya kijani, na ukiwa ndani yake ukinyoosha mkono unaweza usione vidole vyako. Lakini Kabula alikuwa amepata kisiwa kimoja, jina silitaji kwa sababu wavuvi wake bado wapo, ambako upande mmoja maji ni maangavu kidogo, na mawe makubwa yameshuka chini kama ngazi, na furu, wale samaki wadogo wa bluu na wekundu, wanacheza katikati. Hakukurupuka. Alikwenda kambini kwa wavuvi akawaamkia wazee, akauliza habari za mamba, akauliza habari za viboko. Walimjibu vizuri na kwa ukweli. Habari za nyavu hakuuliza, na nyavu ni kitu ambacho mvuvi hakuambii hata akikuoa.

Siku ninayoisema tulikuwa na wageni wawili, Bwana Temu na mke wake Mama Glory, wametoka Dodoma. Bwana Temu alikuwa mtu wa mwili na wa maneno. Nahodha alikuwa Masanja, ambaye wote mnamfahamu, hana maneno kabisa. Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulipita kwenye mawe yaliyobebana kama mizigo sokoni, tukaona ndege mnandi wameanika mabawa, tukaona pimbi wamekaa juani kama wazee wa baraza. Bwana Temu akasema, "Hapa ni kama Zanzibar tu, ila chumvi haipo."

Masanja akamjibu bila kugeuka, "Zanzibar nako sangara hayupo."

Tulipotia nanga kwenye kile kisiwa, nikaanza kuosha mchele, na Kabula akaanza kumvalisha Bwana Temu suti. Ilichukua muda. Akamfunga kamba fupi kwenye kifundo cha mkono, upande wa pili akajifunga mwenyewe.

"Baba, sheria ya maji haya ni hii kamba," akamwambia. "Ikikatika usinitafute. Tulia, vuta pumzi chache, halafu panda juu polepole. Tutakutana juu."

"Mwanangu, mimi nimezamia wewe hujazaliwa."

"Ulizamia mara moja, Baba Glory," mkewe akasema, "na ulirudi na kiatu kimoja."

Tukacheka wote. Kisha Kabula akakaa ukingoni mwa boti, akaligeuzia ziwa mgongo, akashika miwani yake kwa mkono, akajiangusha kinyumenyume. Nimewaambia Mama Nyabise alisema nini kuhusu mgongo. Nilikuwa nimeshaona hiyo kadi, nimeshaitembeza mtaani, lakini sikuwa nimeiona kazi yenyewe. Mtoto niliyemwogesha kwenye beseni ameanguka ziwani kwa mgongo na maji yamefunga juu yake kama hayajawahi kufunguka. Nikabaki na bakuli la mchele mkononi.

Masanja akasema, "Mama Kulwa, angalia kule. Mapovu."

Nikaangalia. Palikuwa na mafungu mawili ya mapovu, moja kubwa, moja dogo, yanatembea pamoja taratibu kuelekea kwenye mawe.

"Dogo ni la Kabula, anapumua kwa akili. Kubwa ni la mgeni. Mapovu yakiwepo, watu wapo."

Basi nikaweka bakuli chini nikaangalia mapovu. Sikuangalia kitu kingine. Ndiyo maana mtumbwi niliusikia kabla ya kuuona.

Ulikuja kwa injini kutoka nyuma ya mawe, una wanaume watatu, aliyesimama mbele jina lake Masumbuko, tulikuja kulijua baadaye. Nyie mliozaliwa mwaloni mnaelewa alichokiona. Boti ngeni, mitungi ya akiba, suti nyeusi zimetundikwa, watu wanaingia chini bila ndoano. Akajua ni doria imekuja kukamata nyavu. Na yeye pale kwenye mawe alikuwa ametega zile nyavu nyembamba za plastiki zilizopigwa marufuku, na amezizamisha bila boya hata moja ili doria isizione.

"Nyie ni wa doria?" akauliza kwa mbali.

"Hawa ni watalii," Masanja akajibu.

"Watalii wanaingia chini kufanya nini?"

"Kuangalia samaki."

"Samaki anaangaliwa sokoni, mzee. Unamdanganya nani?"

Nikasimama mimi. "Wewe mtoto wa nani? Mjukuu wangu yuko chini hapo. Zima hiyo injini."

"Shikamoo, mama. Mjukuu wako ni wa doria?"

"Marahaba. Zima injini."

Akaizima, hilo nampa. Lakini akawageukia wenzake akasema, "Vuteni kabla hawajazikata," na wote watatu wakashika kamba wakaanza kuvuta.

Nikaona fungu dogo la mapovu limegeuka. Lilikuwa linakwenda kwenye mawe, sasa linakwenda kwenye mtumbwi, na haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Lile kubwa lilibaki palepale. Masanja akaona pia. Alipiga kelele waache, na mimi sijawahi kumsikia Masanja akipiga kelele. Wakavuta zaidi. Kwao, mtu wa doria akikuambia acha, ndipo unapovuta.

"Mzito huyu," mmoja akasema. "Huyu ni sangara baba lao." Alikuwa anacheka.

Kwanza ulitoka mguu. Mguu mweusi wenye kiatu cha bata. Yule aliyekuwa anacheka aliachia kamba akakaa chini ndani ya mtumbwi. Kisha ukatoka mtungi, kisha kichwa, na uso wote umefungwa na wavu, kile kipande cha kupumulia kimeng'olewa mdomoni kinaning'inia pembeni kinatoa mapovu yenyewe. Nikajua basi yale mapovu niliyokuwa nayaangalia hayakuwa pumzi yake. Nilitaka kuita jina lake na halikuja. Nimezaa, nimezika mume, nimezika Mama Nyabise, lakini sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusahau jina la mtoto aliyemlea mwenyewe. Niliona mdomo wake nyuma ya nyuzi za plastiki, uko wazi, na hautoi kitu.

Masumbuko ndiye aliyeruka. Yule yule. Aliruka na kisu, akaukata wavu wake mwenyewe kuanzia shingoni, akauinua uso wa Kabula juu ya maji. Kabula akakohoa maji, akavuta hewa kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Masanja hakuweza kuwasha injini, mgeni akiwa chini, kwa hiyo akawatupia kamba, akawavuta mpaka kwetu.

Nilitegemea Kabula aseme Bibi. Alisema, "Mgeni yuko chini."

Alipohisi wavu unamvuta, alikuwa ameikata ile kamba ya mkononi ili usije ukamzoa na Bwana Temu. Na Bwana Temu, ambaye alitakiwa apumue kidogo na apande, alikuwa hajapanda.

Kabula alikuwa na mistari ya damu shingoni. Akasema Masanja amfungulie mtungi wa akiba. Nikamshika mikanda ya kifuani kwa mikono miwili.

"Huendi. Umetoka kufa sasa hivi."

"Bibi, hewa yake inaisha."

"Yeye ana mke, ana watoto, ana ukoo mzima huko kwao. Mimi nina wewe."

Mama Glory alikuwa amesimama hapo hapo. Alisikia kila neno.  Alikaa sakafuni, akakichukua kiatu cha ngozi cha mume wake alichokuwa amekivua, akakiweka mapajani, akakishika kama unavyoshika kitoto cha kuku.

Kabula hakunisukuma. Angeweza, ana nguvu. Aliniuliza tu kwa sauti ya kazi, "Bibi, mapovu yake yako wapi? Wewe ulikuwa unaangalia."

Maji yalikuwa yamevurugika. Wavuvi walikuwa wameyachafua kwa kuvuta, na Masanja alikuwa ameyapoteza mapovu alipokimbilia kamba. Mimi sikuyapoteza. Nilijua kabisa yako wapi, na nilijua nikisema anakwenda. Nilikuwa bado nafikiri neno la kumzuia, nikaona mkono wangu umenyooka. Ulinyooka wenyewe, moyo haujakubali.

"Pale," nikasikia nasema. "Chini ya jiwe lenye kinyesi cha ndege, upande wa huku."

Akabadilisha mtungi, akaligeuzia ziwa mgongo, akaenda.

Wale wavuvi hawakukimbia. Walikaa kwenye mtumbwi wao na wavu uliochanika miguuni, wote tunaangalia sehemu moja. Fungu kubwa la mapovu lilikuwa limeanza kuwa dogo. Halafu likaja fungu la pili pembeni yake. Yakakaa pamoja muda ambao siwezi kuupima. Yakaanza kusogea. Vichwa viwili vikatoka, na Mama Glory akakiacha kiatu kikaangukia ziwani. Kwa hiyo Bwana Temu alirudi Dodoma na kiatu kimoja tena.

Kabula alinieleza baadaye. Alimkuta amelikumbatia jiwe, macho wazi, kama mtoto anayekataa kupelekwa shule, na alimbandua kidole kimoja kimoja. Bwana Temu mwenyewe tulimshusha mchangani. Aliangalia maji, akasema, "Nilivuta zile pumzi kama alivyoniambia. Halafu nikasahau juu ni upande gani." Hakuna aliyemcheka. Ukiwa ndani ya kijani, pande zote ni kijani.

Nilipika. Mlidhani sikupika? Watu walikuwa na njaa. Kabula alishindwa kushika kijiko, nikamlisha kwa mkono, tonge baada ya tonge, na yeye mwanamke mzima mwenye kadi. Masumbuko alisimama mbali akiwa amelowa, hajui aondoke au akae. Akamuuliza Kabula, "Dada, mtatupeleka kwa doria?"

"Nitakupeleka wewe chini ukaone unachotega," Kabula akamwambia. Mdomo ulikuwa umeshapona.

Nilimpa Masumbuko wali kwa sababu aliruka. Nyama sikumpa, kwa sababu wavu ulikuwa wake. Akala bila kuuliza.

Mama Glory alikuja akapiga magoti mbele yangu pale jikoni, akasema, "Mama, nakushukuru kwa mkono wako." Nikamwambia asiushukuru, haukuniuliza. Tukaangaliana. Yeye alijua nilichosema kwenye boti na mimi nilijua kwamba anajua. Akachukua kisu akanisaidia kukata nyanya, na hatukulizungumza tena mpaka Mwanza.

Jioni ile nyumbani nilimwambia Kabula kwamba kazi hiyo imeisha. Alikuwa anapaka mafuta kwenye ile mistari ya shingoni, mbele ya kioo. Akasema, "Jumamosi kuna wageni, Bibi." Nikasema maneno mengi ambayo karatasi hii haiyawezi. Alipaka mafuta mpaka nikamaliza. Jumamosi akaenda, na mimi nikaenda, maana mpishi wa boti nilikuwa mimi.

Tangu hapo siku moja kabla ya kuzamia Kabula anafika kambini, anakaa nao, anakula wanachokula, na anauliza nyavu ziko wapi. Wanamwambia. Masumbuko sasa anaweka maboya, madumu mekundu ya mafuta ya kupikia, mtayaona. Msiyaguse, na msipite bila kumpungia mkono.

Mlikuwa mnalalamika, najua, kwamba Kabula akishuka mimi naacha jiko nasimama ukingoni kama mgeni. Mkasema bibi amezeeka, anajipumzisha.  Na niliposema nastaafu mkasema ni magoti. Magoti yangu mazima. Siku moja Kabula akiwa chini, jua limelala kwenye wimbi, nilimuuliza Masanja mapovu yako wapi. Akaniambia, "Hapo mbele yako, Mama Kulwa." Niliangalia hapo mbele yangu na sikuona kitu. Tulipotia nanga Mwanza nilimfuata tajiri nikamrudishia aproni yake. Kupika ningeendelea hata nikiwa kipofu, kupika ni pua na mkono. Mapovu hayanusiki.

Kwa hiyo mengine yote niliyoandika humu fuateni mkipenda, lakini hili si la kupenda. Kabula akishuka, mmoja wenu aache anachokifanya akasimame ukingoni, na asiangalie kitu kingine mpaka kichwa chake kitoke. Sufuria iteremsheni, au iacheni iungue. Wageni wakilalamika kuhusu wali, waleteni Igogo. Niko nyumbani, nitawapikia.